Tupeane uzoefu: uliipataje saizi sahihi ya matairi ya pikapu yako?

Ndugu zangu, salaam. Nimeanzisha mada hii kwa sababu wengi wetu tunanunua pikapu zilizokwishatumika, na tairi likiisha tunasoma namba iliyo ubavuni mwake, tunaitaja dukani, tunalipa na kuondoka, bila kujiuliza ni nani aliyelifunga tairi lile na kwa sababu gani. Naanza na yaliyonikuta, kisha nawaomba nanyi mweleze yenu, hasa mnaobeba mizigo.

Nina Toyota Hilux ninayopakia viazi kutoka Isyonje kwenda Mbeya mjini. Niliinunua ikiwa na matairi ya 215/70R16, na yalipobaki kipara nikanunua mengine manne ya namba ileile. Miezi mitatu baadaye, nikiwa na magunia tisa, tairi la nyuma la kushoto lilipasuka nikiteremka kuelekea Uyole. Namshukuru Mungu kwamba sikuwa katika mwendo mkali. Fundi aliyekuja kunisaidia hakulitazama kwanza lile tairi lililochanika. Alifungua mlango wa dereva, akapangusa vumbi kwenye nguzo kwa kiganja, akanionyesha kibandiko ambacho sikuwahi kukisoma. Kiliandikwa 205R16C.

Herufi C ndiyo iliyonigharimu, kwa kuwa ni alama ya tairi la gari la mizigo. Tairi langu lilikuwa na alama 100H baada ya saizi, na hiyo 100 maana yake ni kilo 800 kwa tairi moja, wakati 205R16C nililonunua baadaye lina 110, yaani kilo 1,060. Kwa matairi mawili ya nyuma nilikuwa nimejipunguzia kilo 520 za uwezo, na bado nilikuwa napakia vilevile. Isitoshe, lilikuwa fupi: upana wa milimita 215 ukichukua asilimia 70 yake, ambayo ndiyo kimo cha ubavu, mara mbili (ubavu wa juu na wa chini), kisha ukaongeza rimu ya inchi 16, unapata kimo cha milimita 707, ilhali la kibandikoni linakaribia 740. Kwa hiyo kila kilomita 100 zilizoandikwa kwenye mita, kwa kweli nilikuwa nimetembea 96 hivi, na hesabu yangu yote ya mafuta ilikuwa na kasoro.

Mchangiaji wa Morogoro:
Pole sana, mkuu. Mimi nilikosea upande wa pili. Hilux yangu nayo ilitoka na 205R16C, nikafunga 265/70R16 kwa kuwa nilipenda gari linavyosimama likiwa nayo. Nikikata usukani hadi mwisho, tairi lilikuwa likikwaruza madigadi, na spea ya saizi hiyo ilikataa kuingia mahali pake chini ya bodi, ikabidi niifunge juu pamoja na mzigo. Kubwa zaidi ni mwendo. Tairi refu huifanya mita isome pungufu, kwa hiyo niliposhika 50 sawasawa vijijini, gari lilikuwa linakwenda zaidi ya 52, nami nikawa nabishana na askari wenye tochi nikiamini nina haki. Naongeza pia kwamba tairi la upana wa 265 linataka rimu yenye upana wa angalau inchi 7, na rimu zangu za chuma zilikuwa na upana wa inchi 6. Muuzaji hakuniuliza, nami sikujua la kuuliza.

Mchangiaji wa Simiyu:
Huku kwetu udongo ni mweusi wa mbuga, na mvua ikinyesha barabara inageuka utelezi mtupu. Land Cruiser mkonga ya mradi tuliokuwa nao ilikuja na 7.50R16, tairi jembamba na refu, karibu sentimita 80. Tukashauriwa kuweka pana ili gari lisizame. Katika mchanga ushauri huo una maana, lakini katika tope letu tairi jembamba hukata ule ute wa juu likafika kwenye udongo mgumu, wakati lile pana lilikuwa likielea na kutupeleka mtaroni. Tulirudisha 7.50 kabla masika hayajaisha.

Mchangiaji wa Iringa:
Langu ni fupi. Ukiwa na foo-wili, usifunge mbele saizi hii na nyuma saizi nyingine. Matairi ya vimo tofauti hayazunguki sawa, na ukifunga foo-wili mahali pakavu, gia zinavutana. Mimi nilianza kusikia mlio, nikaupuuza, nikalipia matengenezo makubwa.

Mchangiaji wa Singida:
Nashukuru kwa mafunzo, kaka zangu. Hilux yangu ndogo ya kebini moja imeandikwa 195R14C. Dukani wameniambia 195/70R14 ni kitu kilekile na ni nafuu. Je, nichukue?

Mwanzisha mada:
Dada yangu, tafadhali usichukue. Saizi isiyo na namba ya pili baada ya upana, kama hiyo 195R14C, huwa na ubavu wa zaidi ya asilimia 80 ya upana, kwa hiyo hilo la 70 ni fupi kwa karibu sentimita nne, na kwa kawaida huandikwa 91, yaani kilo 615, wakati 195R14C nyingi zina 106, yaani kilo 950. Kabla hujatoa pesa, mwambie muuzaji aligeuze tairi mbele yako, uione herufi C na hiyo 106 kwa macho yako. Kisha tafuta tarakimu nne za mwisho katika mstari ulioanza na herufi DOT ubavuni mwa tairi: ukikuta 1023, limetengenezwa wiki ya 10 ya mwaka 2023. Nitafurahi ukituandikia ulichokikuta.