Kanuni ya L'Hôpital inaninyima jibu ambalo njia nyingine inanipa: nifuate ipi?

Mleta uzi: Habari zenu, wakuu. Ninajiandaa kwa mtihani wa Hisabati wa kidato cha sita, na swali moja la vikomo limenifikisha kwenye majibu mawili yasiyopatana. Tunatakiwa kutafuta kikomo (thamani inayokaribiwa) cha (x + sin x)/x wakati x inakua bila mwisho. Nikigawanya kila kipande kwa x ninapata 1 + (sin x)/x, na kwa kuwa sin x haitoki nje ya −1 na 1, kipande cha pili kinaelekea sifuri na jibu linakuwa 1. Lakini kiasi (cha juu) na asili (ya chini) zote zinakua bila mwisho, kwa hiyo kanuni ya L'Hôpital, ya kutafuta kikomo kwa uwiano wa derivetivu zao, nayo ilionekana kufaa. Nikitafuta derivetivu (kasi ya kubadilika) ya kila moja ninabaki na 1 + cos x, ambayo hupanda na kushuka kati ya 0 na 2 daima. Je, kikomo kipo au hakipo?

Kipimapembe: Kikomo kipo, nacho ni 1. Kanuni haijavunjika, ila umeidai jambo ambalo haikuahidi. Inasema kwamba ikiwa kiasi na asili zote zinaelekea sifuri, au zote zinakua bila mwisho, na derivetivu ya asili si sifuri karibu na mahali husika, na uwiano wa derivetivu hizo una kikomo (au unakua bila mwisho), basi uwiano wa awali unafuata huko huko. Sharti la mwisho ndilo ambalo wanafunzi wengi hawafundishwi kulikagua. Lisipotimia, kanuni inanyamaza tu, nawe unarudi kwenye njia nyingine, kama ulivyofanya kwa usahihi kabisa.

Kagua pia kila hatua, si ya kwanza peke yake. Chukua (1 − cos x)/x² pale x inapoelekea 0. Ni sifuri kwa sifuri, kwa hiyo tunapata sin x/(2x). Bado ni sifuri kwa sifuri, tunapata cos x/2, na hapo jibu ni 1/2. Anayeendelea bila kutazama atapata −sin x juu ya sifuri, jambo lisilo na maana yoyote. Vivyo hivyo (x² + 1)/(x + 1) pale x inapoelekea 0 ni 1 kwa kuweka namba tu, lakini ukilazimisha derivetivu utapata 0, jibu la uongo linalofanana na kweli.

Chaki Nyeupe: Ninaunga mkono, na ninaongeza tahadhari. Usithibitishe kwa kanuni hii kwamba (sin x)/x inaelekea 1 pale x inapoelekea 0, kwa sababu derivetivu ya sin x yenyewe hupatikana kwa kutumia kikomo hicho hicho. Huo ni mzunguko, na msahihishaji makini hataukubali. Kwa kumbukumbu, kanuni ilichapishwa mwaka 1696 katika kitabu cha L'Hôpital, Mfaransa, lakini aliyeigundua ni mwalimu wake Johann Bernoulli wa Uswisi, ambaye alikuwa akilipwa ili ampelekee ugunduzi wake. Binafsi ningependa jina la Bernoulli litajwe darasani.

Mleta uzi: Shukrani za dhati, walimu wangu. Basi x/√(x² + 1), x ikikua bila mwisho, nayo ni ya namna hiyo? Kila nikitumia kanuni uwiano unapinduka, nikirudia unarudi ulipokuwa.

Kipimapembe: Ndiyo, hapo kanuni inazunguka bila kufika. Gawanya kiasi na asili kwa x, ambayo hapa ni chanya: utapata 1/√(1 + 1/x²), na kikomo ni 1.