Tupeane uzoefu: The Clash walikukuta wapi?

Kilindini84
Salaam wana jamvi. Jana kijana wangu karudi kutoka Kongowea na fulana ya mtumba, kifuani ina picha ya mtu kainama kashika gitaa la besi kwa shingo kama mpasua kuni anavyoshika shoka. Namuuliza unamjua huyo? Ananambia baba ni picha tu hiyo. Nikakaa chini. Huyo ni Paul Simonon, mpiga besi wa The Clash, ile bendi ya punk ya Waingereza, New York, Septemba 1979, anaivunja besi yake jukwaani, ndo jalada la albamu yao London Calling hilo!

Mimi walinifikia kwa njia ya bahari. Miaka ile ya themanini manowari za Wamarekani zikitia nanga hapa, kakangu alikuwa anauza vinyago karibu na geti la bandari, baharia mmoja pesa zimemwishia akatoa kanda ya Combat Rock ya hao hao Clash akapewa twiga wa mti. Rafiki yangu akataka nakala, kanda tupu sina, nikachukua ya mama ya Juma Bhalo, nikaziba vile vitundu vya juu kwa karatasi na selotepu, nikarekodi juu yake. Jioni mama kaweka kanda yake asuke ukili huku anasikiliza, akatoka mtu analia kwa Kizungu. Wacha tu. Kanda ninayo mpaka leo, wimbo wa Straight to Hell ukiisha unasikia fidla ya taarab kama sekunde kumi hivi halafu kimya.

Haya, kila mtu atoe yake.

MamuuTemeke
Hapo kwenye kanda ya mama umenikumbusha mbali, mimi ilikuwa ya kaswida za baba. Nililala nje siku mbili.

DadaWaNgara
Mimi Mhindi wa Ngara, Nairobi, baba alitufungasha 1968 Waingereza walipokuwa wanapitisha ile sheria ya kutufungia mlango. Tukaishia Southall, London. Nyumbani Kiswahili kilikuwa lugha ya siri, baba na mama wakitaka majirani wasielewe.

Waliokuwepo wanajua 23 Aprili 1979. National Front, chama cha Wazungu wabaguzi, wanataka kufanya mkutano Town Hall, katikati ya mtaa wetu sisi, maduka yote yamefungwa tangu mchana, polisi maelfu. Siku ile ndo Blair Peach, mwalimu kutoka New Zealand, alipigwa kichwani akafa, na Clarence Baker wa bendi ya reggae ya Misty in Roots aliumizwa vibaya mpaka akapoteza fahamu. Watu zaidi ya mia tatu wakashtakiwa, na mawakili wanataka pesa. Basi Julai The Clash na wenzao wakapiga shoo pale ukumbi wa Rainbow, Finsbury Park, mapato yaende kwa washtakiwa.

Binamu yangu na mimi tukasema tunaenda arusini Wembley. Nimevaa salwar ya hariri na ndara za dhahabu, nimeingia humo ndani! Nyimbo ya pili tu kiatu kimoja kimekwenda. Kijana mmoja ana pini masikio yote mawili akaona nimesimama mguu mmoja kama korongo, akavua buti lake akanipa, yeye akabaki na soksi usiku mzima. Hatukuulizana hata jina. Mama yangu sasa ana miaka 88, mpaka leo anajua kile kiatu kilipotea arusini.

Bajuni_Leicester
Jamani msimsahau Poly Styrene, yule dada mwimbaji wa bendi ya punk ya X-Ray Spex. Baba yake Msomali. Mimi nilikuwa na miaka kumi na tatu, meno yana waya, nywele zangu shule nzima inazicheka, nikamwona kwenye tivi na meno yake ya waya anapiga kelele bila kumwomba mtu ruhusa. Niliingia chooni nikajiangalia kwenye kioo muda mrefu sana.

Mkunazini_E2
Sikuwa nataka kuandika ila dada wa Ngara kanigusa. Na huyo Poly nilimwona kwa macho yangu, alikuwa amefunga kitambaa kichwani.

Mimi wa Mkunazini, Unguja. London nimeingia 1973 nina miaka kumi na sita. Kazi yangu kushona makoti ya ngozi Whitechapel, mashariki ya London, chumba cha juu, mashine kumi na mbili, madirisha yamepakwa rangi mpaka hayafunguki. Jumapili asubuhi tulikuwa hatupiti Brick Lane maana National Front walisimama pale kuuza gazeti lao na mtu alikuwa akitemewa mate mchana kweupe. Sasa Jumapili ya 30 Aprili 1978 mwenzangu wa mashine ya pili, kijana Mbengali wa Sylhet, akanambia twende Victoria Park kuna mziki wa bure wa kuwapinga hawa. Punk nilikuwa siijui, nilifuata neno bure.

Maandamano yalitembea kutoka Trafalgar Square, yakaingia uwanjani na mafilimbi, na mabango ya manjano ya duara, na vinyago vikubwa vya karatasi vya kina Hitler vimebebwa juu. Watu elfu themanini ukihesabu kwa ubahili. Wallahi ilikuwa mara yangu ya kwanza kuzungukwa na Wazungu wengi vile na miguu isitafute pa kukimbilia. The Clash walipopanda sauti ilikuwa haifiki vizuri kule nyuma, tukajipenyeza mpaka mbele, Strummer, mwimbaji wao, mishipa ya shingo imemsimama na mguu wa kushoto unagonga jukwaa vile vile kama mguu wa fundi kwenye cherehani. Mwenzangu akanigonga bega akasema huyu angetufaa kiwandani. Tulirudi kwa miguu tunaimba maneno tusiyoyajua.

Alhamisi yake, tarehe 4 Mei, nilitoka kazini mapema niwahi magharibi, mwenzangu akabaki kumalizia mikono ya makoti. Usiku mtu akagonga mlango, kuna Mbengali kachomwa kisu Adler Street anatoka kazini, mshonaji, kafa. Jina hana. Ile ndo njia yetu! Nilikimbia mpaka chumbani kwa mwenzangu nikagonga, kimya. Nikakaa kwenye ngazi. Saa tano, saa sita, saa nane, kila mlango wa chini ukilia nasimama. Nikaanza kupanga maneno ya kumwandikia baba yake, na Kibengali chenyewe sikijui. Alfajiri akaja, shati halijachomekwa, alikuwa na wenzake wanatafuta ndugu wa marehemu. Hatukusema kitu, tulikaa pale pale kwenye ngazi.

Aliyeuawa ni Altab Ali. Hata hatukuwa tunamjua. Tarehe 14 Mei tulitembea maelfu nyuma ya jeneza kutoka Brick Lane mpaka Downing Street.

MamuuTemeke
Nimesoma nimesimama jikoni mpaka maharage yameungua. Pole sana mzee wangu.

SautiYaMtaa
Pole mzee, shikamoo. Lakini si umejijibu mwenyewe? Mziki Jumapili, kifo Alhamisi. Na hao mnaowasifu, Strummer baba yake mtu wa ubalozi, kasoma bweni, wakasaini na kampuni ya rekodi ya CBS kwa pauni laki moja, 1991 wimbo wao ukauza jinzi na ndo ukawa namba moja Uingereza. Siasa gani hiyo?

Kilindini84
Sauti sema yote basi. Albamu yao Sandinista! ya 1980 ni sahani tatu kwa bei ya moja, na wakakubali wasilipwe mirabaha ya nakala 200,000 za mwanzo Uingereza. Wewe unamjua msanii gani wa kwenu atakubali?

JahJah_Kisauni
Halafu ule wimbo wao White Riot, yaani ghasia za Wazungu, ni wimbo wa wabaguzi, jina lenyewe linasema.

DadaWaNgara
Si kweli kaka, usihukumu kwa jina. Strummer na Simonon walikuwepo kanivali ya Notting Hill 1976 vijana weusi walipopambana na polisi, wimbo unawauliza vijana wa Kizungu wenzao nyinyi mnangoja nini. Usikilize kwanza halafu turudi hapa.

Mkunazini_E2
Marahaba Sauti. Mwanangu sikusema gitaa linazuia kisu. Nimesema Jumatatu ile baada ya Victoria Park nilipita Brick Lane katikati ya barabara, nikaenda kununua mkate. Wewe hujui ule mkate ulikuwa mtamu vipi.

SautiYaMtaa
Nimekuelewa mzee. Nisamehe.

Acton_W3
Mimi kwa kuchelewa sana, 15 Novemba 2002, ukumbi wa Acton, Strummer na bendi yake ya baadaye, Mescaleros, wanachangisha kwa ajili ya zimamoto waliokuwa kwenye mgomo. Nimesimama karibu na baa, mara naona jamaa anapanda jukwaani anachomeka gitaa, ni Mick Jones, mpiga gitaa mwenzake wa The Clash! Hawajasimama pamoja jukwaani karibu miaka ishirini. Wakapiga wimbo wao Bankrobber, wazimamoto wanalia. Wiki tano baadaye, 22 Desemba, Strummer akafa ghafla nyumbani kwake, moyo, miaka 50. Tiketi niliitupa usiku ule ule. Inaniuma mpaka kesho.

Kimathi_254
Wasee sisi huku Nairobi tuko na bendi ya punk, Crystal Axis, skizeni ngoma zao Leopold na Nyayo House, hiyo moto haijazima. Lakini hao wazee wenu wa Clash mtu aanzie wapi?

Acton_W3
Anza na ile albamu ya kwanza ya 1977, kavu, haina sukari.

DadaWaNgara
Usimsikilize, anza London Calling ndo urudi nyuma.

MamuuTemeke
Usianze na Sandinista!, kuna nyimbo 36, mchumba atakuacha.

Bajuni_Leicester
Anza na X-Ray Spex.

Kilindini84
Kijana wangu kasoma yote haya, hasa ya mzee Mkunazini, kaifua ile fulana kwa mkono. Anataka kuisikia kanda na mimi redio ya kaseti iliharibika zamani. Kaenda kuitafuta kwa mafundi wa Majengo.

Mkunazini_E2
Mwambie fundi asafishe hedi kwa spiriti kwanza. Na kanda izungushe na kalamu mpaka mwisho na kurudi kabla hujaiweka, mkanda wa zamani unaganda, ukikatika hapo kwenye fidla ya mama hutaupata tena.