Naombeni ushauri: denari ya Julius Caesar kwa pauni 60, ninunue?

Mgeni_Leicester: Wakuu, habari zenu. Niko Uingereza kikazi, na sarafu za Warumi zimeniteka kabisa. Kuna muuzaji mtandaoni ana denari (sarafu ya fedha ya Warumi) ya Caesar, ile yenye picha ya tembo, anataka pauni 60. Anasema ni ya marehemu babu yake. Ana pia mfuko wa sarafu za shaba zenye udongo, hazijasafishwa. Nina pauni 100 tu. Nianze na kipi?

Karani wa Kale: Mkuu, usilipe kwanza. Denari ya tembo ilipigwa mnamo mwaka 49 K.K., Caesar akiwa kwenye vita na mpinzani wake Pompey na majeshi yanataka mishahara. Zilipigwa nyingi, ila kila mkusanyaji anaitamani, hivyo hata iliyochakaa huuzwa mamia ya pauni. Muulize uzito (iwe karibu gramu 3.9), omba picha ya ukingo, na akuandikie kwamba atarudisha pesa ikibainika ni bandia. Habari za babu si hati.

Sonara_Mvita: Huo ukingo ndio wa kuutazama sana. Warumi waliweka kipande cha fedha kati ya mihuri miwili wakapiga nyundo. Bandia nyingi husubiwa, yaani madini huyeyushwa na kumiminwa kwenye kalibu, kwa hiyo utaona mshono uliopigwa tupa, vitundu vya hewa usoni, na herufi zilizolegea kama maandishi ya sabuni iliyotumika. Tena, kwa kuwa kipande kiliwekwa kwa mkono, kila sarafu imekaa kombo kivyake. Ukikuta mbili zimekaa kombo sawasawa, na mikwaruzo ileile, ujue zimetoka kalibu moja. Sumaku isikudanganye: risasi na bati hazinaswi.

Dada_Ughaibuni: Ndugu yangu, na huo mfuko uuache. Mara nyingi nzuri zimeshachaguliwa, na hujui zilichimbwa wapi. Uturuki, kwa mfano, hairuhusu vitu vya kale kutoka nje. Hapa Uingereza kuna sheria ya hazina ya mwaka 1996: anayekuta fungu la sarafu kama hizo ana siku 14 za kutoa taarifa. Mimi nakuona ukianza na sarafu ya shaba ya Constantine, mfalme wa Warumi wa karne ya nne, kutoka kwa muuzaji mwenye duka na jina. Tafuta iliyoandikwa GLORIA EXERCITVS (Kilatini: utukufu wa jeshi), askari wawili wamesimama na bendera za kikosi katikati. Zenye bendera mbili zilianza mwaka 330. Baadaye ikabaki moja. Ni nyingi sana, na bei yake unaimudu.

Mgeni_Leicester: Asanteni sana. Nikiipata na uchafu, niisugue na ndimu?

Sonara_Mvita: Hapana, tafadhali! Ndimu na siki hula ile ngozi ya kijani au kahawia, na ikishatoka hairudi. Iloweke kwenye maji yasiyo na madini, uyabadilishe mara kwa mara, kisha mswaki laini. Ukiona unga wa kijani mpauko unaochipuka, itenge na nyingine upesi. Chumvi za kloridi zinaila.

Mgeni_Leicester: Muuzaji amejibu: gramu 3.1, na harudishi pesa. Nimeachana naye, natafuta Constantine.

Karani wa Kale: Vyema mkuu. Ukiipata, tuandikie herufi zilizo chini ya miguu ya askari. Hizo hutaja mji ilikopigwa, tutakusaidia kuzisoma.