Nitulize vipi video za harusi nilizorekodi juu ya bodaboda?

BintiMakorora
Salaam wana jukwaa. Mpiga video tuliyemlipa nusu hakutokea siku ya harusi ya dada yangu, simu kazima, basi kazi nikatupiwa mimi kwa sababu tu simu yangu ndiyo mpya kuliko zote pale nyumbani. Zinazonisumbua ni video mbili.

Ya kwanza, msafara wa bwana harusi kutoka Ngamiani kuja kwetu Makorora. Matarumbeta wako nyuma ya pikapu, mimi nawafuata kwa bodaboda, mkono mmoja simu, wa pili nimekamata koti la dereva. Ni 4K (picha kubwa kuliko ile ya 1080), fremu 30 kwa sekunde. Ukiitazama unatafuta ndoo. Nguzo za umeme zinapinda kama minazi wakati wa kusi.

Ya pili ni sekunde 40 za bibi akicheza ndani, usiku, taa moja, 1080. Bibi hajacheza tangu babu afariki. Hiyo nikiipoteza sitalala.

Laptop yangu ya mtumba, RAM GB 8, haina kadi ya picha ya peke yake. Nimejaribu programu moja ya kwenye simu: msafara umetulia kidogo, ila kwa bibi yametokea maajabu, bibi katulia tuli, ukuta ndio unacheza! Nitumie ipi? Ya bure tafadhali, hela ilishaliwa na yule bwana.

FundiPicha_Unguja
Pole dada, na hongereni kwa harusi. Wengi watakutajia DaVinci Resolve, na kweli toleo la bure linatuliza vizuri, lakini kwa RAM hiyo utakuwa unaisubiri kuliko kuitumia. Premiere Pro ina Warp Stabilizer, tamu sana, ila ni ya kulipia. Wewe chukua Shotcut au Kdenlive. Zote bure, na ndani yake zinatumia injini moja, vid.stab, kwa hiyo usihangaike kulinganisha matokeo; chagua unayoielewa.

Kuhusu ukuta kucheza: programu haijui bibi ni nani. Inashika alama kwenye fremu, inaangalia zimehamia wapi kwenye fremu inayofuata, kisha inadhani kamera ndiyo iliyosogea. Bibi na wapambe wake wakijaza picha nzima, alama nyingi ziko kwenye nguo zao. Basi inawatuliza wao, chumba kinalipa. Kata kipande hicho vipande vidogo, tuliza pale tu ambapo ukuta au mlango unaonekana vya kutosha. Kwingine acha kama kulivyo. Mtu anayecheza akitikisika kidogo hakuna anayelalamika.

Nguzo kupinda ni ugonjwa mwingine. Kihisi cha simu hakisomi picha yote kwa mpigo, kinasoma mstari kwa mstari, na bodaboda inatetemeka kabla hakijamaliza. Vid.stab hainyooshi hilo.

kijana_wa_droni
Gyroflow. Bure, na inashinda zote hizo.

FundiPicha_Unguja
Inashinda, ndiyo, kama kamera ilihifadhi data za jairo, yaani kihisi kinachopima inavyogeuka, wakati wa kurekodi, kama zifanyavyo kamera za GoPro. Video ya kawaida ya simu haina data hizo, na harusi hairudiwi.

mzee_wa_terminali
Hapa Nakuru mimi naitumia vid.stab moja kwa moja kupitia ffmpeg, programu ya bure unayoiandikia amri, hata laptop dhaifu inamaliza, ni kuiachia usiku tu. Mizunguko ni miwili, wa kwanza unapima mtikisiko, wa pili unauondoa:

`ffmpeg -i msafara.mp4 -vf vidstabdetect=shakiness=8:accuracy=15:result=msafara.trf -f null -`

`ffmpeg -i msafara.mp4 -vf vidstabtransform=input=msafara.trf:smoothing=30,scale=1920:1080 -c:a copy msafara_tulivu.mp4`

Namba ya kuchezea ni smoothing. Ukiweka 30, inaangalia fremu 30 za nyuma na 30 za mbele, yaani kama sekunde mbili za video yako. Ukiipandisha sana, picha inaelea kama mtumbwi na kingo zinakatwa zaidi. Kwa vile ulirekodi 4K na unamalizia 1080, hata ikikata kingo hutaona picha ikififia. Ya bibi haina akiba hiyo, weka 10 au chini.

Simu nyingi hazishiki fremu kwa kasi moja. Sauti ya tarumbeta ikianza kuachana na midomo, pitisha video kwenye HandBrake kwanza, uchague kasi isiyobadilika.

Halafu simu usiizoeshe bodaboda. Mwaka 2021 Apple walionya wenyewe kwamba mtetemo wa injini za pikipiki unaweza kuharibu kamera za iPhone. Sioni kwa nini yako ipone.

BintiMakorora
Nimerudi. Siku tatu hizi! Amri ya mzee ilinikataa mara mbili kwa sababu jina la faili langu lilikuwa na nafasi katikati, nikalibadilisha, ikakubali. Smoothing 30 ilikata kichwa cha mpiga ngoma kila pikapu ilipokata kona, nikashuka 18. Nguzo bado zinapinda, lakini sasa dada anaangalia mpaka mwisho bila kufumba macho.

Ya bibi niliikata vipande vitano, nikatuliza viwili tu, pale mlango unapoonekana. Nikamwonyesha jana baada ya magharibi. Kaangalia kimya, karudia, kisha akauliza kwa nini jina la kanga yake halisomeki, wakati aliichagua makusudi ili mama mkwe alisome.

Kuna programu ya hilo?

FundiPicha_Unguja
Hapana dada. Usiku ule simu iliacha kila fremu wazi muda mrefu ipate mwanga, maandishi yakaburuzika humohumo ndani ya fremu. Kutuliza kunasogeza fremu, hakufuti ukungu. Mvalishe kanga ileile, mpige picha mchana, uibandike mwanzoni mwa video.

BintiMakorora
Anasema atavaa, ila matarumbeta waje.