Nimeangalia The Apartment ya 1960, tangu Ijumaa sina usingizi. Karani akikataa kutoa ufunguo anabaki na nini?

Karani wa Sinza:
Habari za muda huu wakuu. Mimi huwa nasoma tu, leo naomba mnivumilie. Ijumaa usiku nilikuwa kwa jirani yangu, mpenzi wa picha za zamani, akaweka hiyo The Apartment. Haina rangi, nikajua nitasinzia. Karani wa kampuni ya bima New York, C. C. Baxter, kaicheza Jack Lemmon. Mshahara wake unaoingia mkononi ni dola 94.70 kwa wiki. Jioni anawaachia mabosi chumba chake wakutane na wanawake wao, yeye anazunguka nje kwenye baridi mpaka wamalize. Nao wanamwandikia vizuri, anapanda cheo.

Nina maswali mawili. Kuna filamu gani nyingine za makarani wa kawaida ambao siku moja maisha yanawapindukia? Pili, mwishoni Baxter anagoma kutoa ufunguo, anaacha kazi. Mnaona alifanya sawa? Picha inaishia yeye na binti anayempenda wanapogawana karata, hatuoneshwi mwezi unaofuata kodi kalipa na nini. Naombeni ushauri wa dhati.

Mpenda Picha:
Karibu sana ndugu yangu, umegusa ninapopapenda. Anza na Ikiru ya Akira Kurosawa, 1952. Mzee Watanabe, kaicheza Takashi Shimura, ni mkuu wa kitengo kwenye ofisi ya jiji huko Tokyo. Miaka inakaribia thelathini kazi yake kugonga mhuri. Anagundua ana saratani ya tumbo. Sasa kuna kina mama wanaomba dimbwi la maji machafu mtaani kwao lifukiwe, watoto wapate pa kuchezea. Wanazungushwa dirisha hadi dirisha mpaka wanarudi palepale walipoanzia. Kama umewahi kufuatilia hati ya kiwanja, utalia. Mzee anaamua kwamba ile bustani itajengwa kabla hajafa, na anakwenda kusimama milangoni kwa wakubwa, mmoja mmoja, kainama, hatoki.

Waingereza waliirudia 2022 kwa jina Living, yupo Bill Nighy, mswada wa Kazuo Ishiguro. Nzuri, ila mimi ni wa ile ya Tokyo. Kurosawa anamfisha mzee picha ikiwa bado ndefu, halafu anatuketisha msibani tuwasikilize wenzake wa kazini. Wanakunywa, wanalia, wanaapa kubadilika, kisha wanarudi kwenye meza zao vilevile.

Kuhusu The Apartment, irudie utazame ule ukumbi wa ofisi. Fundi wa mandhari, Alexandre Trauner, alifanya meza za nyuma ziwe ndogo kuliko za mbele ili safu ionekane haina mwisho. Kazi ile ilimpa Oscar, na picha nzima ikachukua tano.

Mtoto wa Tanga:
Ongeza The Lavender Hill Mob, 1951. Alec Guinness ni karani mpole wa benki, miaka na miaka anasindikiza dhahabu ya watu kwenye gari. Siku moja anaamua kuiiba. Wanaiyeyusha, wanaitengeneza vinyago vidogo vya mnara wa Eiffel ili waivushe hadi Ufaransa kama zawadi za watalii. Nilicheka mpaka mke wangu akaja kuniuliza kulikoni.

Mama Faili:
Mimi nitawaambia Brazil ya Terry Gilliam, 1985. Nzi anaangukia kwenye mashine ya kuchapa, jina Tuttle linatoka Buttle. Mtu asiye na kosa anakamatwa nyumbani mbele ya watoto wake, na anafia mikononi mwa waliomkamata. Niliokuwa nao walicheka. Mimi sikucheka. Nimekaa masijala miaka ishirini na mbili. Kuna mzee alistaafu, jalada moja limeandikwa Mohamedi, jingine Muhamedi. Mafao yake yalikwama miezi tisa. Alikuwa akija asubuhi anakaa kwenye benchi, kofia kaishika mapajani, hagombi na mtu. Lile la pili niliandika mimi. Nilimwambia siku ya mwisho, akanijibu, "Nilishaujua mwandiko wako, mwanangu."

Chumvi Kidogo:
Mleta uzi, unaombea ushauri wa dhati mtu wa mwaka 1960? Halafu picha ile ina saa mbili na dakika zake. Ijumaa usiku wote huo uko kwa jirani, kwako kulikuwa na nani? Sema yote, hapa hatujuani.

Karani wa Sinza:
Sawa. Nina chumba na sebule, kodi nalipa mwenyewe. Bosi wangu anakitumia Jumanne na Ijumaa, saa kumi na mbili mpaka saa tatu. Alianza kwa kuniambia foleni inamchosha, anataka pa kujinyoosha kidogo. Ni mwezi wa tisa sasa. Baxter alipata mafua kwa kulala kwenye benchi la bustani, mimi nakaa kibanda cha chipsi mpaka muuzaji anaanza kufuta meza. Sikatai, ni kosa. Lakini sikumtafutia mwanamke, wala sijapokea hela. Nimeazima chumba tu.

Mwenye Wasia:
Kijana, anayeshika ngazi na anayepanda wote wameiba. Huyo bosi ana mke. Huyo mke ana watoto anaowalaza usiku huo unaokaa kibandani. Umewahi kuwafikiria? Rudi kwa Mola wako kabla hujarudi kwenye filamu.

Mtoto wa Tanga:
Mimi chuoni nilimwazima rafiki yangu geto wikiendi moja. Niliporudi nikakuta jiko la mchina halipo, ndoo haipo, na godoro limegeuzwa. Mpaka leo sijawahi kulala vizuri kwenye godoro nililomkuta mtu amelilalia. Mwambie bosi alipe nusu ya kodi basi, tukae kibiashara.

Chumvi Kidogo:
Acheni godoro. Mkuu, Baxter alipewa ofisi yenye mlango. Wewe umepewa nini?

Karani wa Sinza:
Nina barua. Msimamizi wa masijala, kuanzia tarehe 1 mwezi ujao.

Chumvi Kidogo:
Umesaini?

Karani wa Sinza:
Nimesaini.

Chumvi Kidogo:
Na ilikuwa zamu ya nani?

Karani wa Sinza:
Ndiyo maana sikutaka kufika huku.

Kuna Mama tunayekaa naye chumba kimoja cha ofisi, meza yake inaangalia mlango. Ana miaka 16 pale. Nilipoingia sikujua hata kutoboa karatasi zikakaa sawa. Yeye ndiye aliyenifundisha kufungua jalada, kuandika namba za folio, yaani za kila karatasi jaladani, kujua barua ya kusubiri na barua ya kukimbia nayo. Ofisi nzima ilijua kiti ni chake. Sijamwambia.

Lakini nisikilizeni na mimi. Amebakiza miaka mitatu astaafu, cheo kingemsaidia nini? Mimi nina mama mgonjwa wa sukari na wadogo wawili shuleni. Hata nikikataa, bosi hatampa yeye, atamleta mtu wa kwao. Na barua nimeshasaini, sioni inarudije.

Mama Faili:
Miaka mitatu ya mwisho unaiita "nini"? Michango ya uzeeni inakatwa kwenye mshahara, na mafao yanahesabiwa kwa mshahara. Ile tofauti angekula nayo mpaka anaingia kaburini.

Jicho la Tatu:
Wakuu, hii ni chai. Haina hata tangawizi. Mtu kaangalia The Apartment, katoa New York kaweka Sinza, katoa bima kaweka masijala. Bosi, ufunguo, cheo, mpaka jirani yumo, maana kwa Baxter jirani ni daktari. Kesho atatuambia binti kameza vidonge chumbani kwake, kama kwenye picha. Nyuzi za hivi nimezisoma nyingi humu, watu wanafanya mazoezi ya kuandika hadithi.

Mtoto wa Tanga:
Khaa! Na mimi nimeshamwaga siri ya godoro langu.

Mwenye Wasia:
Kama ni uongo, basi ni dhambi mbili.

Mpenda Picha:
Jicho la Tatu, mimi nimeitazama ile picha si chini ya mara kumi. Hamna Mama ndani yake. Baxter anapanda, na wanaomfinya ni waliompandisha, hatuoneshwi nani alisukumwa akipishwa njia. Mtu anayeiba hadithi huchukua kilichomo. Hiki hakimo.

Karani wa Sinza:
Sina namna ya kuthibitisha bila kujiharibia. Nitasema kitu kimoja. Baxter anajua yule binti ndiye mwanamke wa bosi kwa kioo kidogo cha poda kilichopasuka. Mimi huyo mwanamke simjui na sitaki kumjua. Ninachokijua ni kikombe. Nina vikombe viwili vya bati, cha bluu na cheupe. Kila nikirudi cha bluu kimeoshwa, kimefunikwa kifudifudi juu ya kitambaa, vizuri kabisa, kama mtu aliyefundishwa na mama yake. Tangu nilipoanza kukiona hivyo sikilalii tena kitanda. Nalala sebuleni kwenye mkeka. Jirani aliponiwekea ile picha, Baxter anachuja maji ya tambi kwa raketi ya tenisi, wenzangu wanacheka, mimi nikatoka nje kujifanya napokea simu.

Jicho la Tatu:
Haya. Nimesoma. Sina la kusema kuhusu kikombe.

Chumvi Kidogo:
Badilisha kitasa leo. Cha Sinza utakipata hapohapo, fundi nusu saa.

Karani wa Sinza:
Nimekinunua tangu Jumamosi. Kipo kwenye mfuko. Nasubiri kwanza mwezi ugeuke, cheo kikishaanza kusoma nitampa sababu ya kistaarabu.

Mama Faili:
Mwanangu, chai au uji, mimi nitakujibu kama karani. Barua yako ina nakala. Nakala inakwenda kwenye jalada lako. Nani hapo ofisini anaweka nakala kwenye majalada ya watumishi?

Karani wa Sinza:
Ni yeye.

Mama Faili:
Na barua ina muda gani tangu itoke?

Karani wa Sinza:
Wiki tatu kasoro.

Mama Faili:
Basi hebu niambie, unamficha nani?

Mpenda Picha:
Karani, upo?

Mtoto wa Tanga:
Mwacheni apumue.

Karani wa Sinza:
Nipo. Leo Jumanne nimewahi ofisini kabla ya watu. Funguo za kabati tunazo wawili. Nimelitoa jalada langu. Folio 31. Namba kaiandika juu kulia kwa wino mwekundu, kaizungushia duara lililofungwa sawasawa, kama alivyonifundisha. Tarehe ya kupokelewa ni siku ileile barua ilipotoka. Siku hiyo naikumbuka kwa sababu aliniletea vitumbua viwili kwenye karatasi, akaniambia, "Kula baba, umekonda, unalala wapi siku hizi?"

Nilimjibu nalala kwangu.

Bosi ameshaandika, "Leo kama kawaida." Sijamjibu. Mfuko wenye kitasa uko chini ya meza yangu. Namsikia Mama kwenye ngazi, anasalimiana na mlinzi. Naweka simu.