Ramani ya mtaa wetu ina mapaa yote lakini haina mitaro wala majina. Tuanzie wapi?

binti_msimbazi

Wakuu, habari za asubuhi. Naishi Kigogo, Dar es Salaam, upande ule unaoteremkia Mto Msimbazi. Huwa nahariri OpenStreetMap, ile ramani ya mtandaoni ambayo yeyote anaweza kuichora, kwa simu, na mara mojamoja kwa kompyuta.

Mtaa wetu ukiufungua pale unakuta mapaa karibu yote yamechorwa. Wengi waliochora wako mbali, wamekaa na picha za setilaiti wakafuatisha paa moja baada ya jingine, na nawashukuru kwa moyo wote. Lakini picha ya juu ina mwisho wake. Kichochoro kinachopita nyuma ya msikiti kimewekwa kama barabara ya gari, wakati ni ngazi za viroba vya mchanga, watu wawili wakikutana lazima mmoja asimame pembeni. Kivuko cha mbao kilichosombwa na maji bado kinaonekana kipo. Masika iliyopita bajaji iliyokuwa inamfuata jirani yetu mjamzito usiku ilifuata ramani mpaka ukingoni mwa mto, ikabidi igeuze na kuzunguka hadi barabara kubwa. Alijifungua salama, lakini hofu ya usiku ule bado ninayo.

Mitaro ndiyo inayoniumiza zaidi. Hakuna hata mmoja kwenye ramani, na sisi maji huanza kutuingilia kutoka mitaroni kabla mto wenyewe haujafurika.

Naomba mnisaidie. Nichore mwenyewe kimyakimya, au kuna njia ya kuwaingiza majirani? Kibao cha anwani kikisema jina moja na watu wanaita jingine, niweke lipi? Na nimjibu nini mtu anayeniuliza, "Mnatupima ili tubomolewe?"

mpima_ardhi

Dada, anza na hilo swali la mwisho, maana bila jibu lake mengine hayaendi. Watu wa bondeni hawaogopi bure. Desemba 2015 nyumba nyingi za Bonde la Msimbazi zilibomolewa, nyingine zikapigwa X nyekundu ukutani. Mtu aliyeyaona hayo akimkuta kijana anaelekeza simu kwenye nyumba yake, ana haki ya kufunga mlango.

Nenda kwa mtendaji wa mtaa upate barua, kisha kwa mjumbe wa shina. Abishe hodi mjumbe, wewe ufuate nyuma. Halafu sema ukweli wote: ramani hii iko wazi kwa kila mtu, na serikali nayo inaweza kuitumia. Usiwaahidi kwamba haitatumika kwa jambo wasilolipenda, kwa sababu ahadi hiyo huwezi kuilinda. Waambie unachokusanya ni mitaro, njia, vivuko, vioski vya maji na vyoo vya umma. Majina ya wenye nyumba na wapangaji hayaingii kabisa.

Kuhusu majirani, nilikuwa mwanafunzi Chuo Kikuu Ardhi wakati Ramani Huria, mradi wa kuchora ramani za mitaa ya Dar es Salaam, unaanza mwaka 2015, tukaingia kwenye kata pamoja na wenzetu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wakazi wenyewe. Simu tulikuwa nazo, ila kilicholeta watu ni karatasi. Unachapisha ramani ya shina moja kwa ukubwa, unaitandika kwenye benchi la kijiwe cha kahawa. Simu anaishika mtu mmoja, karatasi wanaiinamia watu kumi na wanaanza kubishana, na humo kwenye ubishi ndimo taarifa zilimo. Kuna mama muuza vitumbua alichukua kalamu akaukata mshale wa maji uliokuwa umechorwa kwa kufuata mteremko. Akasema tangu jirani ajenge ukuta, maji yanarudi nyuma hadi mlangoni kwake. Tukaenda kuangalia. Ukuta umekaa juu ya mtaro kweli, na maji yameacha mstari wa tope kwenye mlango wake, usawa wa kitasa. Jambo kama hilo setilaiti gani italiona?

Ukichora mtaro, anzia maji yanakotoka umalizie yanakokwenda, kwa sababu mwelekeo wa mstari ndio unaosomwa kama mwelekeo wa maji. Lebo yake ni waterway=drain. Upana na kina pima kwa tepu ya fundi. Ukifika kwenye kalavati, kata kipande kinachopita chini ya njia ukiwekee tunnel=culvert. Taka zilizoziba usiziandike. Leo mtaro umeziba, Jumamosi vijana wameuzibua, na ramani itabaki inasema uongo.

Jambo jingine: picha za setilaiti mara nyingi zimesogea pembeni kidogo. Lakini katikati ya mabati yaliyobanana simu nayo hukosea mita kadhaa, kwa hiyo usihamishe mtaa mzima kwa kuamini nukta moja. Linganisha na njia za GPS ambazo wengine wameshazipakia.

boda_mwananyamala

Kuhusu majina niseme mimi. Abiria hakutajii kibao. Atakwambia "Tandale kwa Mtogole", na ukimtajia jina la kwenye nguzo anakuona mgeni. Yote mawili yawepo, ukitafuta lolote ulipate. Mimi huwa najibu maswali ya StreetComplete, programu ya simu ya kujazia ramani hii, nikiwa kijiweni nasubiri abiria: njia hii ni lami au vumbi, ina taa au haina. Je, majina mengine naweza kuyachukua kwenye ramani ya Google niyahamishie huku?

mpima_ardhi

Hapana kaka, hiyo ni mali ya watu na leseni yake hairuhusu. Ukinakili, kazi yako yote inaweza kufutwa. Andika ulichokiona au ulichoambiwa na wakazi. Jina la kwenye kibao liingie kwenye lebo ya name, la watu liingie kwenye alt_name, yaani jina mbadala. Pasipo na kibao, jina la watu ndilo name.

jirani_wa_kibera

Salamu kutoka Nairobi. Sisi tulikuwa doa tupu kwenye ramani za umma mpaka mwaka 2009, mradi wa Map Kibera ulipoanza na vijana wa hapa wakatembea na vifaa vya GPS. Ninachoweza kukuambia dada ni kwamba kuchora ni rahisi kuliko kutunza. Vibanda huvunjwa, barabara hupasuliwa katikati ya mtaa, shule ndogo huhama. Chagua sehemu ndogo mtakayoweza kuirudia kila msimu, na nakala ya karatasi ibaki ukutani mahali watu wanapita, wawe wanairekebisha kwa kalamu.

Na yule wa mbali aliyeweka kichochoro kuwa barabara ya gari, mwandikie maoni kwenye badiliko lake kwa upole, umwekee na picha ya zile ngazi. Wengi hufurahi sana kupata mtu wa mtaani wa kumuuliza. Pengine atakuchorea nyumba za mtaa wa pili wewe ukienda kupima mitaro.

binti_msimbazi

Asanteni sana, ndugu zangu. Kile kivuko nimeshakiondoa, na nimeacha maelezo kwamba kimesombwa, asije mtu akakirudisha kwa kuangalia picha ya zamani. Nimeongea na mjumbe wetu, mama mmoja mtu mzima, amekubali tuanze na mtaro wa nyuma ya msikiti kwa sababu ndio unaoingiza maji kwake pia. Mtendaji ameomba naye apewe nakala, anataka kuionyesha kwenye kikao atakapoomba kalavati. Kilichobaki ni kuchapisha, huku steshenari wana karatasi za A4 tu.

mpima_ardhi

Usiunganishe A4, zitawachanganya kwenye maungio. Nitumie mipaka ya shina, nitachapisha A1 mbili: moja ya kuchorea, moja ya mtendaji. Jumamosi nipo. Mwambie mama mjumbe tuanze saa moja asubuhi kabla ya jua kali, na boda kama una nafasi njoo na tepu, yangu ni ya mita tatu tu.

boda_mwananyamala

Nakuja. Ninayo ya mita tano.