Vitabu vya Kiswahili vya Moscow na Peking: tuviorodheshe vipi?

Kisiwandui
Assalaam aleikum. Chumba cha kusomea cha mtaani kwetu Chake Chake kimepewa makasha ya vitabu na majarida ya Kiswahili yaliyopigwa chapa Moscow na Peking. Vingi havioneshi mwaka. Wenzangu wanataka viandikwe "propaganda" na viwekwe rafu ya peke yake. Ndivyo? Na mwaka tutaujuaje?

Kaskazi
Waaleikum salaam. Kwa vya Moscow, fungueni ukurasa wa mwisho kabisa. Hata kitabu kikiwa cha Kiswahili kitupu, taarifa za mtambo wa kuchapa mara nyingi ziko kwa Kirusi, herufi ndogo. Tarehe iliyo mbele ya Подписано в печать ni ya kuruhusiwa kuchapwa, Тираж ni idadi ya nakala, Цена ni bei. Pakikosekana tarehe, tazameni mchapishaji: nyumba ya uchapishaji yenyewe ni ya 1931, lakini jina Progress limeanza 1963. Raduga ilitengwa nayo 1982 ishike fasihi.

Vya China, tazameni tahajia. Machapisho yao ya nje yalianza kuandika Beijing na Mao Zedong Januari 1979. Penye Peking na Mao Tse-tung kwa kawaida ni kabla ya hapo. Kitabu chekundu cha Mao kikiwa kimechanwa kurasa za mwanzo, yaelekea ni dibaji ya Lin Biao, waziri wa ulinzi wa Mao, ya Desemba 1966. Alipoanguka 1971 wengi waliichana. Andikeni "dibaji imeondolewa", wala msibandike nakala yake ya kivuli.

Bi Mwera
Neno "propaganda" msilifanye jina la rafu. Hadithi za watoto na hotuba za chama zilitoka nyumba moja, kwa fedha za serikali moja, na bei ilishushwa makusudi zimfikie mwanafunzi. Mkizitenga, msomaji hataona tena kwamba ile hadithi nzuri nayo ilikuwa na kazi.

Tena mtawahukumu waliojitaja na kuwaacha waliojificha. Jarida la Transition la Kampala, lililoanza 1961, lilipata fedha za Congress for Cultural Freedom, jumuiya ya wasomi waliopinga ukomunisti, na 1967 ikafichuka kwamba mfadhili wa nyuma alikuwa CIA, shirika la ujasusi la Marekani. Uingereza nayo ilikuwa na Information Research Department, idara ya propaganda ya Wizara ya Mambo ya Nje, 1948 hadi 1977, iliyogharimia kwa siri vitabu vilivyotoka kwa majina ya kawaida. Hayo hayakuchapwa ukurasa wowote.

Basi kila kitabu kipewe mada yake halisi, kisha sehemu tatu: mchapishaji, aliyelipa (kama anajulikana), na msambazaji. Vya Peking tafuteni jina Guoji Shudian, msambazaji wa vitabu vya China nchi za nje. Mihuri ya maduka, vyama na balozi msiifute abadan. Abdulrahman Babu, yule mwanasiasa wa Zanzibar, aliliandikia shirika la habari la China, Xinhua, kabla ya Mapinduzi, na Ujerumani ya Mashariki ilitambuliwa hapa 1964. Muhuri ndio unaoonesha karatasi ilipita mikono ya nani.

Kisiwandui
Ahsanteni sana. Majarida yana pini zilizoshika kutu, na wadudu wapo.

Kaskazi
Fungueni jarida katikati, inueni ncha za pini kwa kisu butu, msizivute kwa nguvu, halafu mshone kwa uzi wa pamba kupitia matundu yale yale. Selotepu hapana, gundi yake hugeuka doa la kahawia. Wadudu: mfuko wa plastiki uliozibwa, friza ya nyuzi 20 chini ya sifuri, wiki mbili. Mkitoa, mfuko ukae siku nzima bila kufunguliwa, la sivyo karatasi italowa kwa umande. Rafu isiguse ukuta, khasa masika: unyevu ukipita asilimia 65, kuvu huota.